Kila Chumba Usiku Mmoja

Kabla sijapokea mgeni nililala kila chumba usiku mmoja,
nyumba ya mama, Mwambani, hatua mia mbili na ushei toka majini,
mimi na daftari na tochi ya simu,
mkaguzi niliyejituma mwenyewe.

Chumba cha kwanza kikaungama mapema:
soketi iko nyuma ya kabati,
anayetaka kuchaji apige magoti kama aliyedondosha shilingi.
Nikaandika: soketi mbili, kichwani pa kitanda.
Saa kumi na mbili jua likanikaa jichoni bila hodi.
Nikaandika: pazia zito. Nikakata. Nusu zito,
maana yupo atakayekuja huku kwa ajili ya jua hilohilo.

Cha pili kilikuwa na joto la kuivishia ndizi.
Mbaruku akapiga simu kutoka Tabata:
"Weka kiyoyozi, dada, wageni wa siku hizi hawataki mchezo."
Fundi Shemdoe hakujibu kitu. Alilowesha kidole mate,
akakiinua, akazunguka chumba kama anayetafuta kibla,
kisha akachora kwa mkaa mraba kwenye ukuta wa kusini
na mwingine, mdogo, juu kabisa, upande wa pili.
"Umeupa pa kuingilia," alisema, "sasa uupe na pa kutokea."
Tukatoboa. Vumbi la matumbawe
likatupaka mvi sote, hata kijana wa zege.

Bahari inakula chuma, hilo nalijua tangu utoto.
Bawaba zote nikanunua za shaba,
bei iliyonitoa jasho pale Barabara ya Kumi na Mbili.
Sakafu nyekundu sikuigusa; nta na kumbi la nazi,
kwa magoti, siku mbili, hadi nikajiona uso.
Na nje, chini ya ngazi, bomba fupi la usawa wa goti,
mchanga wa watu uishie uani,
usipande nao kitandani.

Mgeni siku mbili, walisema, ya tatu mpe jembe.
Mimi ya tatu nampa risiti,
kwa hiyo hizo mbili lazima alale.

Cha tatu ni cha mama. Nilikiacha mwisho.
Sikupata usingizi. Si majonzi, la. Ni mlango wa bafu,
ulilia kila upepo ulipoupitia,
sauti ya mtu anayetaka kusema jambo, akaghairi.
Nikaandika: mafuta. Nikaandika: bawaba.
Nikaandika tena: mafuta.
Asubuhi Shemdoe akaja na kopo mkononi.
Nikamtuma chumvi sokoni.

Wageni wa kwanza: Bi Ndeshukurwa, muuguzi mstaafu wa Machame,
na mumewe mwenye goti la chuma
(nikamwonya kuhusu bahari, akacheka hadi akakohoa).
Nikawapa cha mama, kwa kuwa hakina ngazi.
Barazani nilishapanga viti viwili vinavyotazama maji,
mito ya kanga, meza katikati,
nimevipima na kuvipima kwa utepe wa fundi.

Jioni vilikuwa vitupu.
Nikawakuta nyuma, mlango wa jikoni, kivulini pa mpera,
bibi amekalia mbuzi ya mama, anakuna hewa, anajifunza,
bwana juu ya ndoo iliyopinduliwa, goti limenyooshwa.
"Huku tunasikia majirani," alisema.
Ng'ambo ya ua mtu alikuwa anagombana na kuku.
Nikahamisha viti. Meza ikabaki barazani peke yake,
imetazama maji.

Walipoondoka, daftari la wageni lilikuwa na mistari miwili,
mwandiko wa kadi za hospitali, niliusoma kwa shida:
Mlango wa bafu unalia usiku.
Tulidhani utatuudhi.

Kopo la mafuta bado liko dirishani.
Mbaruku anauliza wageni wameandika nini.
Nimemwambia wamesifu sakafu.